Mkono wa Mkamwana Wangu

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga upya jiko lote. Sukari, chumvi, majani ya chai, sufuria – kila kitu chini, usawa wa kiuno. Mkamwana wangu asinyanyue mkono hata kwa bahati mbaya! Titi la kushoto limeondolewa kwa saratani, pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kimefunga, lakini mkono haupiti bega. Naye ni fundi mapazia, kazi yake yote iko juu ya madirisha. Mwanangu kanisifu: mama, umefikiria mbali. Nikavimba kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu yangu leo! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja nyumbani – binti mdogo, lakini ana mdomo. Akatazama jiko, akauliza nani kapanga. Mimi, nikasema, nikingoja sifa.

"Basi mama, wewe ndiye unayemkaza huyo mkono."

Uso ukanishuka. Mkono usipoinuliwa hukauka hivyohivyo, kasema. Na Jumatatu ya tarehe 17 mkamwana anapimwa kwa ajili ya mionzi: atalala mezani, mkono juu ya kichwa, bila kutikisika. Mkono usipofika, mionzi inasogezwa mbele. Hakuna aliyeuliza kuna hatari gani ikisogezwa. Tunajua.

Jumamosi, 8 Machi

Chumvi nimeirudisha rafu ya juu kabisa. Nimetangaza: atakayeishusha ni mwenye mkono. Mchana mboga chapwa! Mwanangu anatafuna huku ananitazama kwa jicho la pembeni.

Jioni mkamwana kasimama kuukabili ukuta. Vidole vinapanda, kimoja kimoja, vinatambaa kama buibui mzee. Vikakwama chini ya rafu. Akashuka, akapumua, akapanda tena. Machozi yanamtoka na huku anacheka: "Mama, una roho ngumu wewe!" Ngumu wapi? Mimi nilikuwa nimegeukia sinki, naosha kikombe kisafi.

Tumelala na uchapwa wetu.

Jumatano, 12 Machi

Leo kachukua fimbo ya pazia, ile ya mbao. Analala chali sakafuni, anaishika kwa mikono yote miwili na kuipeleka nyuma ya kichwa. Mkono mzima unaubeba mwenzake. Kwapani kuna kitu kama uzi uliovutwa mno – nimekiona mwenyewe, kimetuna chini ya ngozi. Akifika hapo anasimama. Anavuta pumzi, anangoja, anaongeza kidogo. Halazimishi.

Mimi nilidhani ushujaa ni kukaza meno. Huyu anaubembeleza mkono wake kama mtoto aliyesusa kula, na kesho yake anaubembeleza tena. Nimelea watoto wanne, subira ya namna hii sikuwa nayo hata kwa mmoja. Mwanangu aliokota wapi bahati hii? Si kwa akili yake, namjua.

Nampenda huyu mtoto. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 14 Machi

Chumvi imeshuka!!! Kwa mkono wa kushoto! Kaitua mezani kwa kishindo. Kisha akaitia kwenye mboga kwa hasira za wiki nzima. Haikulika. Tumeila yote.

Jumatatu, 17 Machi

Korido ya hospitali. Naandikia gotini. Asubuhi nilimsaidia kuvaa blauzi, akanisukuma: mama, mkono si ninao?

Kaingia muda mrefu sasa. Mwanangu anakwenda na kurudi, viatu vinalia kwenye sakafu, vinanichosha.

Mtaalamu wa mionzi katoka. Mkono umefika – umefika! – lakini unatetemeka, na mashine inataka utulivu. Wanaweza kumpa tarehe nyingine, wiki ijayo labda. Ila mgonjwa mwenyewe kakataa tarehe. Kaomba dakika chache apumue, ajaribu tena. Kisha mlango ukafungwa.

Mwanangu kainuka. Anataka kwenda kumwambia inatosha, asijitese, tutarudi. Macho yamejaa maji. Anamhurumia, na mimi namhurumia yeye.

Nimemkamata shati kwa nyuma. Hajakuita, nimemwambia.

"Mama, niache!"

Anavuta. Naandika kwa mkono mmoja, herufi zinaruka. Siachii.