Sijui Shaibu Anawashwa na Nini

Leo Jumatano. Mvua tangu alfajiri, joto nalo halijaondoka, na vitambaa vya mtoto nimevianika ndani. Hata pa kupita hakuna, nainama kama naingia banda la kuku.

Mjukuu wangu Shaibu kaamka na mashavu mekundu tena. Mekundu, yanatoa maji. Kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti, ukurutu mtupu. Mama yake, Somoe, mke wa mwanangu, kamvalisha soksi za baba yake mikononi asijikune. Soksi zenyewe zimempanda mpaka mabegani. Nimecheka weee, halafu nikaenda uani nikalia.

Dawa ya kupaka tumepewa dispensari. Inatuliza, kisha ukurutu unarudi. Mkunga wetu ndiye aliyesema labda ni chakula anachokula Somoe, kinapita kwenye maziwa. Tuondoe kimoja, tungoje, tuitazame ngozi, ndipo tuondoe kingine. Nikaona rahisi. Mimi huyu, ninayejua kila nyumba ya mtaa wetu wa Mtanda imepika nini, nishindwe kujua mkamwana wangu kala nini?

Tukaanza na karanga. Mwanangu yuko Nachingwea, anafyeka mapori na Wazungu wa ule mradi wa kulima karanga, akatuletea debe zima, na Somoe alikuwa anazitafuna kama panya. Tukazificha. Wapi! Tukaacha mayai. Ngozi ikapoa kidogo, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Nikawaeleza. Wote. Mimi jambo likikaa moyoni linaniwasha kuliko huo ukurutu.

Sasa kila mtu ana dawa yake, na kila dawa inakuja kwenye bakuli.

Na huku kwetu bakuli analoletewa mzazi anayenyonyesha halikataliwi. Aliyelileta anakaa mkekani anangoja uonje. Usipoonja, kaondoka kanuna, na habari yako inafika sokoni kabla yake.

Jana nimetoka kisimani, namkuta jirani yangu Bi Tatu kakaa kitako, Somoe anakunywa supu ya pweza huku machozi yanamtoka.

"Bi Tatu, mwenzangu, si nilikwambia tunapima vyakula?"

"Pima wewe na mizani yako. Mzazi bila pweza, maziwa yatoke wapi? Kwenye bomba la serikali?"

Nikacheka, maana kajibu vizuri. Mtu akinichekesha namsamehe hata hajamaliza.

Alipoondoka nikamuuliza Somoe mbona kanywa. "Mama, yule mtu mzima. Nitamwambiaje?" Kumbe kabla ya pweza, mwingine alileta mkate wa kumimina. Umetiwa mayai? Hajui. Ataulizaje chakula cha watu kimetiwa nini, aonekane anaogopa kulogwa?

Na leo ndiyo mashavu hayo. Ni pweza? Ni mayai? Ni zile karanga bado zimo mwilini? Hakuna ajuaye. Kungoja kwetu kote kumekwenda na maji.

Tena si ngozi tu. Somoe kakonda. Anakula ugali na mchicha wa chumvi, hata nazi hatii, mifupa ya shingo imemtoka. Mama yake yuko Milola. Akisikia atakuja kumchukua yeye na mtoto, na sitakuwa na mdomo wa kumzuia.

Mchana Somoe alikuwa ananyonyesha, akaniuliza polepole, "Mama, na kama ni maziwa yangu yenyewe?"

 

Nimeushika tu unyayo wa Shaibu, pale pasipo na ukurutu. Laini kama kitumbua. Nikakaa hivyo hivyo mpaka akalala.

Kesho tunaanza upya. Nitaweka kigoda mlangoni, nikae mwenyewe, kila bakuli nilipokee mimi na nile mimi, mbele ya aliyelileta, hata tumbo lipasuke. Watasema mama mkwe mlafi, anamlia mzazi chakula chake. Watanisema mtaa mzima, mimi niliyezoea kuwasema wao. Wacha waseme.

Ila Somoe akishabaki na ugali na maji, na mashavu ya mtoto bado yanachuruzika, nitamwondolea nini tena?