Pazia Ndani ya Boti

Maruku, 3 Desemba 2023

Mwanangu Joyness,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikiinama kupalilia migomba. Huko Bumbire hamjambo? Mjukuu wangu Karugendo ameacha kukohoa?

Nimesoma kwamba siku ya pili ya Krismasi mtakuja Bukoba na boti ya mume wako, watoto wavutwe juu ya ziwa wakiwa wamekalia mpira wa tairi la lori. Unauita mchezo. Wakati wetu mtoto akionekana anavutwa majini, watu walianza kulia.

Dada yake Annastella ameniandikia kwa mkono wake kwamba nisipokuja hapandi. Basi nitakuja. Lakini umezaliwa hapa na mila unaijua: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani, hawagusani, hawali pamoja. Miaka kumi nimeishika, siwezi kuiacha leo kwa ajili ya tairi. Huyo mumeo wa visiwani atafute namna ya kututenga.

Watoto nimewawekea senene wa kukaanga.

Mama yako,
Kemilembe

Bumbire, 12 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Karugendo hakohoi tena, ila amevunja kitanda akijifunza kusimama juu ya ubao wa kuvutwa majini.

Mashauri amekubali. Atafunga kitenge katikati ya boti, wewe ukae mbele, yeye nyuma kwenye injini. Nilimuuliza ataonaje njia. Akasema atatoboa tundu. Nikamwambia kwenye tundu si atakuona wewe? Akakaa chini kabisa. Tumeamua mimi nisimame kwenye pazia, nimwambie kushoto, kulia.

Boti ameipaka rangi mara mbili kwa sababu unakuja. Mama, niseme ukweli: tangu anioe hujamtaja jina hata siku moja. Halalamiki, lakini mimi nalala naye nyumba moja na ninaona. Anatamani siku moja umhesabu kuwa mtu wa kwenu.

Mwanao,
Joyness

Bumbire, 29 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti vipi? Na kifua, maana maji uliyokunywa si haba. Uliondoka bila kuaga, ukapanda bodaboda na nguo zikichuruzika, na watoto wanauliza kama Bibi amekasirika.

Najua hutaki kuyasikia, lakini ulifumba macho muda wote, kwa hiyo acha nikusimulie. Kwanza, ulikataa jaketi la kuokolea kwa sababu Mashauri alilijaribu mwilini mwake aone kama halivuji. Ukasema nguo iliyovaliwa na mkwe huwezi kuivaa. Nilikubembeleza weee, ukanigeukia kidogo unipige. Pili, Annastella hakuzama. Kuanguka kutoka kwenye tairi ndiyo raha yenyewe. Alikuwa na jaketi na alikuwa anacheka. Wewe ukasikia kelele, ukafumbua macho mara moja tu, ukaruka na kitenge chako cha akina mama wa kanisa ukamwokoe. Mama, hujui kuogelea!

Mashauri aliruka kukufuata, pazia likiwa limemfunika kichwa. Alikutoa akiwa amefumba macho kwa heshima, ndiyo maana mara ya kwanza alikamata mwavuli wako uliokuwa ukielea. Nawe ulimshika shingo kwa mikono miwili ukapiga kelele, watu wote wa ufukweni wakasikia:

"Mashauri mwanangu, usiniachie!"

Tangu siku hiyo anafurahi na anaogopa. Tafadhali tujibu.

Mwanao,
Joyness

Bumbire, 14 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana wiki mbili hujaandika na simu huishiki.

Mashauri amekutumia mbuzi kwa kosa la kukugusa. Nilimwambia alikuokoa, hakukosa. Akajibu kwamba sheria ni sheria. Ila chakula hali vizuri. Jana aliniuliza, "Unadhani alimaanisha, au ni maji tu?" Kama ni maji tu, tuambie, tuzoee.

Joyness

Maruku, 25 Januari 2024

Kwa Mashauri,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mwambie mkeo asinune, barua hii si yake. Nimeuliza wazee wawili na mchungaji. Mila inakataza kukutazama, kukugusa na kula nawe. Kuhusu kukuandikia, hakuna aliyesikia katazo lolote.

Nilikawia kwa aibu. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, kuning'inia shingoni kwa mkwe mbele ya Bukoba nzima! Wiki mbili nilikwenda ibada ya alfajiri nisikutane na watu.

Mbuzi alifika salama, akala miche yangu ya kahawa. Usilete mwingine.

Pasaka nitakuja Bumbire, nami nitapanda hilo tairi. Lakini kwanza utanifundisha kuogelea, usije ukalazimika kunigusa tena. Utasimama ufukweni umenipa mgongo, utoe maelekezo kwa sauti, Joyness akuambie ninavyofanya. Jaketi nitanunua jipya, lisilovaliwa na mtu.

Kuhusu lile uliloliuliza. Maji yalikuwa mdomoni, Mashauri. Kichwani hayakufika. Nilijua nani amenishika na nikamwita anavyostahili kuitwa. Sasa kula.

Mimi,
Mama yako