Sahani Tupu ya Daku

Mama,

Gizani nilisikia kiberiti cha gesi bafuni: ta, ta, ta. Zilibaki dakika tano adhana ilie. Nikajua mwanao Faraz anawahi sigara ya mwisho kabla ya kufunga. Halafu nikasikia kishindo. Ameanguka.

Anapumua. Shemeji Zohaib ameleta gari, tunampeleka hospitali. Ukirudi kutoka kwa wifi, Hania atakuwa kwa jirani, dada Rukhsana. Asifunge, hata akilia. Unga wa chapati za parata nimeufunika. Fundi akileta sherwani ya Faraz, lile koti refu la harusini, ~~mwambie aichome moto~~ ipokee tu, ila asiipunguze tena.

Mama, daktari alimwonya: sindano anayodungwa ya kupunguza uzito inakata hamu ya kula na kuleta kichefuchefu, sigara na vepu, hiyo sigara ya umeme, zitazidisha, aache kuvuta. Juzi nikamkumbusha. Akanitania kwa vile nasoma jioni, "Haya, daktari wa masomo ya jioni!" Nikacheka naye. Laiti nisingecheka! Kila daku nilikuwa jikoni, sahani yake inarudi tupu, nikaamini anakula.

Vepu nimeikuta mfukoni mwake, naenda nayo kwa daktari. Akirudi asikubembeleze umpe nyingine. Wewe humnyimi kitu. Atarudi, Mama. Mwombee.

Mkweo, mama Hania

Hania amesimama hapa, viatu mkononi. Nimemuuliza nani alikuwa anamaliza chakula cha baba. Amesema:

"Kila daku baba ananipa parata yake, anasema tusimwambie mama."