Miti Kumi na Moja ya Mtoni

Jumatatu, 4 Novemba
Kibanda cha video kimesimama. Miti kumi na moja, minene, imenyooka. Niliing'oa kwenye uzio wa zamani wa kuchotea maji, ule unaowazuia mamba wasiwafikie wanawake. Mto Tana umeshuka na uzio umebaki matopeni, mkavu. Wanawake wanachota kule chini. Sikumwuliza mtu. Mti usio na kazi ni wa nani?

Jumatano, 6 Novemba
Saa kumi nimeonyesha ile filamu ya papa mla watu. Golbanti nzima ilikuja. Natafsiri mwenyewe kwa maikrofoni, na leo nilikuwa moto. Yule mkubwa wa mji anayekataa kufunga ufuo eti wageni watakimbia, nimemtukana mpaka watu wakashangilia. Mjinga kabisa. Mke wangu Hawayu alicheka tu. "Papa huyo aje Tana aone. Mamba watamla na mifupa."

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua imenyesha bara. Mto umepanda kwa siku moja, mwekundu, na kule chini kumezama. Wanawake wamerudi pale pa zamani. Hakuna uzio. Hawayu amekitazama kibanda changu kwa muda mrefu. Nimejifanya nafunga waya.

Jumamosi, 9 Novemba
Mbwa wa jirani alishuka kunywa maji. Alibweka mara moja. Basi.

Hawayu ameniambia mbele ya watu, "Baba Maro, rudisha miti ya watu." Nimemwambia Jumatatu. Kesho baada ya kanisa wanakuja watu wa Minjila kuona filamu, nitabomoaje? Nimewaambia wanawake wapige maji kwa fimbo kwanza. Nina hofu. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 10 Novemba
Kibanda kilijaa. Joto. Wageni wakataka maji ya kunywa, nikamtuma Hawayu. Mimi nilimtuma.

Nilikuwa nimefika pale mkubwa wa mji anaposema maji ni salama. Tukasikia ukelele. Watu walidhani ni wa filamu, wengine wakacheka. Na mimi nikaendelea kutafsiri. Ukaja wa pili. Sauti ile naijua.

Alhamisi, 14 Novemba
Hospitalini. Yuko hai. Wanawake wawili walimshika miguu wakavuta, wa tatu akampiga mamba machoni kwa ndoo. Mkono wa kulia umekatwa juu ya kiwiko. Hajanilaumu. Afadhali angenitukana. Najichukia.

Jumanne, 19 Novemba
Nimebomoa kibanda. Wanaume walikuja kunisaidia kuchimbia miti majini, mmoja akipiga maji kwa fimbo muda wote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nimeuona uchungu wake.

Ijumaa, 22 Novemba
Hawayu amerudi nyumbani. Mkeka aliokuwa anasuka uko pale pale kwenye kona, umefika nusu. Nilitaka kuuficha, akaniambia niuache.

Asubuhi nimeteremka mtoni na ndoo. Mwanamume kuchota maji huku kwetu ni kichekesho, lakini hakuna aliyecheka. Wanawake walinipisha. Nimechota mara nne.

Amekunywa kikombe kimoja, kwa mkono wa kushoto. Akauliza kama miti yote imerudi. Nikamwambia yote, kumi na moja.

Akasema nikahesabu tena. Nikaenda.