Filimbi ya Mzee Gisiri

Homa Bay,
11 Februari 1996

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao Maroa na kwangu. Sisi tu wazima, hofu ni kwenu tu. Mgongo wa Mama umepoa?

Baba, kwa kuwa mila haituruhusu mkwe na mkamwana kukaa meza moja tukapiga gumzo, nimeona niandike. Kalamu haina haya. Unajua nasomea saikolojia ya kazi: kwa nini mtu aipende kazi yake, na kwa nini imchoshe hadi aumwe. Tasnifu yangu ya uzamifu nataka kuiandika juu ya wanawake wanaochambua tumbaku katika ghala unalolisimamia. Nasikia wanazimia, wanagombana, wanaacha kazi.

Naomba safu moja tu iruhusiwe kuongea ikifanya kazi, na saa nne ipumzike inywe uji. Safu nyingine zibaki zilivyo, nilinganishe. Kampuni imekubali, mradi wewe ukubali. Nikilikosa ghala hili sina tasnifu, na nafasi ya uhadhiri niliyoahidiwa itakwenda kwa mwingine.

Mkamwana wako,
Phanice

Kehancha,
2 Machi 1996

Mkamwana wangu Phanice,

Salamu sana. Huku hatujambo, ila mgongo wa mama yenu unalalamika kuliko mwenyewe. Mvua bado.

Barua nimeipata, na jibu ni hapana. Nimesimamia ghala hili tangu Maroa ananyonya, filimbi shingoni. Nikisikia porojo napuliza, ghala lote linanyamaza, kazi inakwenda. Ukiwaachia watu mdomo, mikono inalala.

Tena hapa sokoni wananiuliza, huyu mkamwana wako atakuwa daktari gani, asiye na sindano wala vidonge? Nawaambia wangoje. Hata mimi nangoja.

Tafuta ghala lingine.

Baba mkwe wako,
Gisiri

Homa Bay,
19 Machi 1996

Kwa Baba,

Salamu. Natumai mvua imewafikia.

Sikufichi, nililia. Kisha nikakasirika, na hasira ndiyo inayoandika sasa. Ghala lingine sina, na profesa wangu amenipa hadi Desemba tu niwe nimelipata.

Nina swali moja. Majirani mnapoalikana kupalilia shamba la mtu, ile kazi ya pamoja mnayoiita irisaga, nasi Waluo saga, ni nani hupuliza filimbi? Watu huimba, hutaniana, humsengenya hata mwenye shamba, na jioni shamba limekwisha. Sijasikia aliyezimia kwenye irisaga. Wewe je, umesikia?

Unisamehe ulimi.

Mkamwana wako,
Phanice

Kehancha,
8 Septemba 1996

Mkamwana wangu,

Salamu baada ya kimya kirefu. Tu wazima. Nilikununia, nisikudanganye. Swali lako lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Mwezi uliopita Bathsheba, mchambuaji wangu bora, alizimia juu ya majani. Alipozinduka akavua aproni, akanitazama usoni: "Mzee Gisiri, mimi si punda." Akaenda zake. Nikabaki na swali lako.

Jumapili ile nilimfuata kwake, nikamwambia arudi, safu yake itaongea na uji atapewa. Siku za kwanza walinisengenya mimi mwenyewe, nasikia! Niliing'ata filimbi, sikupuliza. Sasa majani yao ndiyo yanayorudishwa kwa kasoro mara chache kuliko ya wengine, na hakuna aliyeanguka. Safu zingine zinanung'unika, nazo zinataka uji.

Njoo upime mambo yako. Wewe utakaa upande wa mlango, mimi upande wa mizani, mila isivunjike.

Babako,
Gisiri

Homa Bay,
14 Desemba 1998

Kwa Baba mpendwa,

Salamu tele, na pole kwa safari ya kurudi. Natumai mlifika salama, na mgongo wa Mama haukuteswa na barabara.

Nimeshinda, Baba! Hata sasa naliandika neno hilo nikicheka peke yangu. Walimu walionihoji walinibana kweli, mmoja akauliza kama uji ni saikolojia. Nikamjibu kwa hesabu za ghala lako hadi akaridhika. Januari naanza kufundisha chuoni.

Lakini nakuandikia juu ya ile siku ya mahafali. Jina langu liliposomwa, filimbi ililia kutoka nyuma kabisa, ndefu, bila aibu. Askari wakakurupuka. Profesa wangu akageuka akitafuta mwamuzi wa mpira. Mimi niliijua. Miaka yote hiyo, filimbi hiyo ikilia wanawake wa ghala hunyamaza. Siku ile ililia, na Bathsheba na wenzake uliokuja nao wakajibu kwa vigelegele mpaka mkuu wa chuo akasubiri wamalize.

Sikuweza kugeuka kwa machozi. Najua mila haikuruhusu kunipa mkono wa hongera. Baba, nimeupokea.

Nami ni mkamwana wako,
daktari asiye na sindano,
Phanice