Mbweha na Mlango Nilioufunga

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mbweha tena. Tangu wachome majani nyuma ya mgodi, wanyama hawana pa kukaa, wanatufuata huku kwenye nyumba mpya. Bata wa jirani yangu Jeannot wameliwa. Mke wangu Djamila anasema tusitupe tena matumbo ya kuku nyuma ya lupango, ua wetu, tuyazike. Nimemwambia nitachimba shimo. Sijachimba — nguo za harusi zimenibana, cherehani haikupumzika.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui niandike vipi.

Baada ya magharibi tulikuwa uani, mimi na Djamila, tunaanua nguo. Na mimba yake ile kubwa. Mnyama akatoka nyuma ya choo, utumbo mdomoni — utumbo wetu. Akasimama, akatuangalia. Si mkubwa. Kama mbwa aliyekonda.

Nikakimbia. Nikaingia nyumbani, nikafunga mlango. Kwa komeo.

Mke wangu alikuwa nje.

Nilimsikia anapiga sufuria kwa mwiko, anapaza sauti: "Toka! Toka hapa!" Miguu yake sikuisikia ikikimbia. Kisha kimya. Kisha akagonga taratibu, kama mgeni.

"Fungula, Nasoro. Ilishaenda."

Akapakua bukari, ugali wetu, tukala.

Jumapili, 17 Agosti

Jeannot ameniuliza juu ya makelele ya jana. Nikasema nilimfukuza mbweha. Ningenyamaza hapo! Mdomo ukaendelea wenyewe: nilishika panga, nikambana kwenye kona ya ukuta, nikampiga teke mpaka akaruka upande wa pili.

"Eh, Papa Nasoro. Weye njo mwanaume."

Djamila alikuwa anafagia karibu. Ufagio ulisimama kidogo, ukaendelea.

Jumanne, 19 Agosti

Avenue nzima, mtaa wetu wote, inajua. Mumba, muuza makala ya kupikia, alivuka barabara ili anipe mkono. Nikaupokea.

Jioni nimechimba shimo, limenifika kiunoni. Djamila akaniletea maji ya kunywa, akaliangalia. "Iko muzuri," akasema. Heri angenitukana.

Ijumaa, 22 Agosti

Jeannot ameumwa.

Mbweha aliingia kwenye banda la bata. Jeannot akafunga mlango wa banda, akambana kwenye kona. "Sawa vile weye ulifanyaka," ameniambia. Mkono umechanwa vibaya. Benita, mke wake, aliuosha kwa maji mengi na sabuni, kisha akampeleka santé, kwenye kituo cha afya. Ameanza sindano za kichaa cha mbwa, na atarudishwa kwa nyingine. Benita anasema muganga alimgombeza: mnyama ukimzibia njia atauma tu. Umwachie pa kutokea, usimpe mgongo, upige kelele.

Yaani alivyofanya Djamila.

Nilienda kumwona Jeannot baada ya sala. Anacheka, mkono umefungwa bandeji. "Miye sina roho kama yako, Papa Nasoro. Ulimubanaka namna gani?"

Nikasema pole. Nikarudia pole. Benita akanitolea kiti cha sebuleni, kile cha wageni. Nikakikalia.

Jumamosi, 23 Agosti

Chef wa avenue, kiongozi wetu, amepita. Kesho kuna mkutano kwa Jeannot, baada ya alasiri. Anasema nitawaonyesha bantu, watu wote wa mtaa, namna ya kumbana mbweha. Vijana wameambiwa waje na mapanga.

Nikamjibu: sawa.

Wakati wa kula Djamila akazungumza, macho kwenye sahani. "Batoto ya Benita nabo batakusikiliza." Basi. Nikamega tonge jingine la bukari.

Jumapili, 24 Agosti

Wamekusanyika. Nawaona kupitia dirisha, uwanja wa Jeannot umejaa, wengine wamekaa juu ya matofali. Nimeswali, nikabadilisha shati, nikakaa kuandika. Nilijiambia nitaandika kwanza maneno ya kuwaambia. Hayaji. Kila nikianza naandika "panga".

Djamila alisimama hapa na mtandio wake kichwani. Akaningoja. Kisha akatoka uani.

Sasa Jeannot ameanza kusimulia badala yangu. Sauti yake inafika mpaka humu. Anasimulia vizuri kuliko nilivyomwambia — amemrefusha mbweha, amemtia meno. Amemweka Djamila nyuma yangu, analia. Amefika pale ninapoinua panga. Bantu wanapiga makofi.

Djamila amefungua geti. Anaenda kwa Jeannot peke yake, mkono kiunoni, bila haraka, na mimi bado nimekaa na kalamu.