Pole ya Watu Kumi na Watano

Mjukuu wangu Zuhura,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba timu inayofungwa kila mara haina nguvu. Salamu kutoka Maparoni. Hatujambo, bibi yako anagombana na ndege wa mpunga.

Umeniuliza kama muiache raga. Shuleni nasi tulifungwa mechi zote, hadi mwalimu mkuu akasema tukirudi tena bila pointi, timu inavunjwa. Nguvu tulikuwa nazo. Tatizo lilikuwa malezi: tukimwangusha mtu, sote kumi na watano tulimwinamia. “Pole, ndugu yangu. Umeumia?” Wenzake wanaondoka na mpira.

Tulipokwenda kucheza Bungu, nahodha Sefu akatuita kando. “Pole ni lazima, lakini si ya kijiji kizima. Atatoa Bakari. Wengine fuateni mpira.”

“Wakianguka wawili je?” Bakari akauliza.

“Wape ya jumla.”

Tulifungwa tena, ila tulipata pointi, na timu ikabaki.

Unasema kwenu mpira ukidondoka mnaukimbilia wote. Leo, kabla ya mazoezi, kaeni mgawane kazi.

Babu yako